Mupimaji na Ukurasa wa Mwisho

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba Mupimaji wa pamba wa mji wetu wa Baraka alikuwa anakula vitabu. Sisemi kwa mfano. Nasema kula: kutia mdomoni, kutafuna, kumeza, na kushushia maji. Watu walisema huanza na jalada kwa sababu gundi ina chumvi. Walisema kitabu cha dini humletea kiungulia, na kitabu cha hesabu humfunga tumbo mpaka Jumatano. Mama mmoja wa soko la ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliapa mbele yangu kwamba alipita nyuma ya nyumba yake akasikia tumbo la mzee likisoma Kifaransa. Nilimwamini. Nilikuwa nimetoka tu kupata cheti cha masomo ya magaribi, yale ya jioni baada ya kazi, na mtu akishapata cheti huamini kila jambo linalosemwa kwa uhakika.

Sikumpenda yule mzee. Naliweka hili mbele ili msomaji asije akanitafutia machozi baadaye. Hakuna aliyempenda. Alikuwa na pua iliyofika mkutanoni kabla yake, na sauti ya kuwaondoa viboko majini. Kofia yake ilikuwa imeona jua jingi kuliko barabara ya Uvira. Akikusalimu, ulitafuta ulichokosea.

Kazi yake ilikuwa mizani. Wakati wa soko la pamba, watu walishuka kutoka milima ya Fizi na kupanda kutoka vijiji vya ziwani, vikapu kichwani, na wote walipita mbele yake. Pamba ilikuwa lazima, amri ya serikali ya wazungu. Hakuna aliyeilima kwa kuipenda. Basi wengine waliinywesha maji kidogo njiani ili iwe nzito. Mupimaji alijua. Aliingiza vidole ndani ya kikapu, akatoa mbegu moja, akaiweka kwenye meno ya pembeni na kuiuma. Mbegu ikilia, pamba ni kavu. Ikinyamaza, mwenyewe alirudishwa nayo kwenda kuianika, hata kama ametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Niliona bamama wakimlilia. Alikuwa akiwaambia, "Mizani haina ndugu," kisha anaita kikapu kingine.

Neno hilo ndilo alilokuja nalo kwenye serkle yetu.

Serkle, yaani chama, ilikuwa ya watu waliojua kusoma, au waliotaka waonekane wanajua. Tulikutana Jumamosi mchana katika ghala la pamba, pamba yenyewe ikishaondoka. Prezida wetu alikuwa muuguzi wa dispansere, mtu mpole aliyeomba radhi hata kwa kiti kabla ya kukikalia. Walikuwemo mamonitere wa shule, makarani, na mimi mfyatua matofali, niliyeingia kwa nguvu ya cheti changu, cheti kikubwa kiasi kwamba ukikitundika ukutani nyumba inainama. Vitabu vilitoka Uvira ndani ya sanduku la mbao, juu ya kamio, lori la mizigo, kupitia Mboko, na vilifika vina vumbi na harufu ya mihogo. Kamio ikirudi, ilirudi na vile tusivyovitaka. Tulivyovitaka vilibaki kwenye kabati.

Sasa, nani ataamua kipi kibaki? Hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo sidhani serkle nyingine ililifanya. Wengi wetu tulikuwa Babembe, tumekulia kwenye lubunga, pale wanaume wanapokaa kuzunguka moto na kumaliza mashauri. Tukahukumu vitabu kwa desturi ileile. Kitabu kiliwekwa juu ya kigoda katikati, kama mshitakiwa. Mmoja alikishitaki. Mmoja alikitetea, maana mwandishi yuko mbali na hawezi kujisemea. Kikishinda, kigoda kiliachwa kilivyo. Kikishindwa, kigoda kiligeuzwa kikatazama mlango, na kitabu kikaondoka na kamio.

Mshitaki alikuwa Mupimaji. Hakuchaguliwa, alisimama tu siku ya kwanza na hakukaa tena. Mtetezi nilikuwa mimi, kwa sababu napenda kusema, na kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kutukanwa kila wiki.

Kabla ya kushitaki alikiinua kitabu, akakifungua katikati, akafikicha karatasi kati ya kidole gumba na cha shahada kama anavyofikicha pamba, kisha akaiuma kidogo pembeni. Ndiyo, aliiuma. Vitabu vya serkle yetu vyote vilikuwa na alama ya meno yake, na uvumi ule ulizaliwa hapo. Baada ya kuuma alitamka daraja lake kama sokoni: pamba ya kwanza, au pamba ya pili. Pamba ya kwanza sikuisikia zaidi ya mara chache, na kila mara aliitamka kama mtu anayeng'olewa jino.

Nikumbuke hukumu zake. Kililetwa kitabu cha mzungu aliyesafiri katika ziwa letu, akaandika kwamba alifika Ubwari, ile rasi ya ng'ambo yetu, na wenyeji wakamtazama kimya, kimya kizito cha karne nyingi. Mupimaji alisoma mstari huo kwa Kifaransa, akautafsiri, akatuangalia mmoja mmoja. "Banyamaze batu ba Ubwari?" akauliza. "Mi nimezaa na mwanamuke wa Ubwari. Hata kwa usingizi hanyamaze. Huyu muzungu hakufika. Alilala Uvira akaota." Nilijaribu kutetea kwamba labda siku hiyo walikuwa na msiba. Kigoda kiligeuzwa kabla sijamaliza.

Kililetwa kitabu cha afya kuhusu nzi, chenye picha ya nzi mkubwa kama mbuzi. Alisema kitabu kinamtukana nzi kurasa zote lakini hakisemi choo kitajengwa na nani. Ililetwa hadithi ya kijana mwenye kiburi aliyetoroka kijijini, akaenda mjini, akanywa, akaibiwa, akarudi na kupiga magoti mbele ya baba yake. Ilikuwa ya nne ya aina hiyo. Mupimaji hakuiuma hata karatasi. "Bote banarudiaka," alisema. "Kama bote banarudia, Bukavu iko na nani? Miti?" Kililetwa kitabu cha mashairi juu ya theluji. Alikipeleka kwenye mizani ya pamba palepale ghalani, akakiweka, akasubiri, akatangaza kwamba sindano haikutikisika.

Tulicheka, naam. Lakini kicheko kile kilikuwa na miiba. Alimwambia monitere mmoja kwamba anasoma kama mtu anayevuka mto kwenye mawe, macho yote miguuni. Monitere hakurudi tena. Prezida alipojaribu kusema kwamba labda kila kitabu kina chake cha kufundisha, Mupimaji alimjibu kwamba hata kidonda kina chake cha kufundisha. Mimi aliniita Kibuyu, kwa sababu, alisema, nina sauti kubwa na ndani hamna kitu. Jina hilo lilinifuata hadi tanurini kwa mafundi wenzangu. Nilimchukia kwa furaha kubwa. Nilikuwa nikifyatua matofali nikiwaza jinsi nitakavyomshinda, na tofali zangu za siku zile zilikuwa ngumu kuliko za wengine wote, nadhani kwa ajili ya hasira.

Lakini alikuwa mtu asiyelingana na nafsi yake. Kitabu alichokitukana Jumamosi, Jumatatu ulimkuta akikifunga kwenye kipande cha gunia kikavu ili kisipate unyevu njiani. Karani mmoja aliwahi kuweka kikombe cha chai juu ya kitabu kilichokwisha hukumiwa. Mupimaji alikiondoa kikombe, akaimwaga chai yake nje, akamrudishia kikombe kitupu. Kamio ya sanduku ilipochelewa, yeye ndiye aliyekwenda kusimama barabarani, mikono nyuma, akiitazama njia ya Mboko kama mtu anayengoja mkwe.

Na jambo jingine, ambalo sikulielewa wakati ule. Siku za soko, mzungu wa pamba alikaa nyuma ya mizani kwenye kiti cha turubai. Akisema pamba hii ni ya pili, hata kama mbegu imelia mpaka upande wa pili wa barabara, Mupimaji alijibu, "Ndiyo, bwana." Nilimsikia kwa masikio yangu. Sauti ile ya kufukuza viboko ilikuwa imekwenda wapi, sijui. Kisha Jumamosi ikifika, anasimama mbele ya kigoda, mbele ya kitabu kilichoandikwa na mzungu, na kusema mbele ya watu: umedanganya, hukufika, hujui, rudi kwenu. Mahali pengine popote katika teritware nzima maneno hayo yangemfikisha gerezani. Pale yalimfikisha tu kwenye zamu ya mtetezi.

Sasa nifike kwa Apolina, maana bila yeye ningekwisha kusahau serkle na Mupimaji wake.

Apolina alikuwa binti wa kijiji cha Lweba. Alikuwa amesoma kwa masista, na wakati wa soko la pamba alikuja Baraka kumsaidia mama yake mkubwa kazi za nyumbani. Mama mkubwa huyo alikuwa bibi wa Mupimaji, mkewe wa ndoa. Yaani yule mzee, kwa ukoo, alikuwa baba yake mkubwa. Nilijua hilo tangu mwanzo na nilijiambia kwamba mwanaume mwenye cheti haogopi pua ya mtu.

Soko lilipokwisha alirudi kwao, nami nikawa nikienda Lweba kila Jumapili baada ya ibada. Nilimkuta yeye na mama yake wakianika ndagala kwenye mchanga, na kwa kuwa mikono yao ilikuwa na kazi, niliyapa masikio yao kazi. Nilimsimulia kitabu nilichokuwa nikisoma kwa zamu na mshitaki: hadithi ya karani wa gare ya treni aliyempenda binti wa mvushaji wa mto, akamwahidi ndoa, kisha akahamishwa kwenda gare ya mbali. Kila Jumapili kipande. Nilisoma polepole, na Kifaransa changu cha magaribi kilikuwa na giza hapa na pale, lakini mahali ambapo sikuelewa nilitia chumvi. Siku moja nilimwuliza kama naweza kuwatuma baba zangu kwa baba yake. Hakuinua kichwa kutoka kwenye samaki.

"Maliza kwanza hadithi," alisema. "Ikiisha, nitakujibu."

Basi maisha yangu yakawa ndani ya kitabu. Kikibaki kwenye kabati, nitafika mwisho, na nitapata jibu. Kikiondoka na kamio, sijui.

Jumamosi yake ikafika. Kitabu kikawekwa kwenye kigoda. Mupimaji alikiinua, akakifikicha, akakiuma, akatema kidogo upande. Nilijua kazi ni ngumu.

"Huyu karani," alianza, "analia ukurasa wa kwanza. Analia daraja ikivunjika. Analia akipata mushahara. Mutu analia hivi, nani atalima? Na muandishi anamupenda, anamushika mukono toka mwanzo kama kipofu. Maneno mingi, hakuna mbegu." Kisha akanigeukia. "Na mutetezi anafanana naye."

Watu walicheka. Nikasimama. Nilitetea siku ile kama sijawahi. Nilisema kitabu hiki ni kitamu kuliko samaki wa mukeke wa kwanza kutoka motoni. Nilisema kulia kwa mwanaume si aibu, ziwa lenyewe linatoka maji. Nilisema karani huyu hana kosa ila kuhamishwa, na nani kati yetu hajui mtu aliyehamishwa kwa barua ya mtu asiyemjua? Hapo makarani waliangalia viatu vyao, na Prezida alianza kutikisa kichwa kwa kukubali. Niliona ushindi unakuja kwa miguu yake mwenyewe.

Mupimaji alingoja nimalize. "Kibuyu," alisema, "buku yako inaishaka namna gani?"

Nilikuwa sijafika. Nilibakiza kidogo tu. Nikasema mtetezi hana lazima ya kusema mwisho.

"We unatetea mutu na haujue kama alikufa?"

Nikakinyakua kitabu kutoka kwenye kigoda ili nisome mwisho palepale. Nikafungua nyuma. Ukurasa wa mwisho haukuwepo. Ulikuwa umeondolewa, na ukingo uliobaki ulikuwa mwembamba na ulionyooka, kama uliokatwa kwa wembe. Nikawaza: meno ya mzee huyu!

"Ameukula," nilisema mbele ya wote. "Mushitaki amekula ushahidi."

Ghala lilitikisika kwa kicheko. Kila mtu alikuwa ameusikia uvumi, na sasa umesemwa mbele ya mwenyewe. Nilidhani atanirukia. Hakunirukia. Alinitazama, uso wake ukiwa vilevile kama anapotazama kikapu chenye maji.

"Kama niliikula," alisema, "basi ilikuwa chungu."

Wakageuza kigoda. Kitabu kikatazama mlango. Siku ya kamio nilimwona Mupimaji akikifunga kwenye gunia lake kavu, kwa mikono miwili, na nilimtukana moyoni kwa lugha zote nilizofundishwa na nyingine nilizozitunga hapohapo.

Jumapili nilikwenda Lweba nikiwa sina mwisho. Njia ile niliijua kwa macho yaliyofumbwa, lakini siku hiyo ilirefuka kama imekwenda kumsalimia shangazi yake Kalemie. Apolina alikuwa mahali pake, kwenye ndagala. Mama yake alituacha, akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

"Leo inaisha?" aliuliza.

"Inaisha," nikasema.

Nikamwambia kwamba karani alikaa gare ya mbali mpaka akachoka kusikia treni za watu wengine zikienda. Akaacha kazi. Akarudi kwa miguu, bila kofia, bila mshahara. Alipofika mtoni, mvushaji alikuwa amekufa na mtumbwi umeoza, kwa hiyo akavuka kwa kuogelea, hali hajui kuogelea vizuri. Akamkuta binti akimimina mawese. Akamwomba radhi kwa kuchelewa. Na kwa kuwa hakuwa na kazi tena, akaanza kufyatua matofali, akajenga nyumba.

Apolina alipindua safu nzima ya samaki.

"Karani wa gare alijua kufyatua matofali?"

"Alijifunza magaribi," nikasema.

Akainama zaidi. Mabega yake yalitikisika, sikujua kama ni kicheko au upepo. Kisha akasema, "Ambia baba zako bakuje."

Wakaja. Siku ya mazungumzo Mupimaji alikaa upande wa baba zake Apolina, kofia magotini. Baba zangu walisema yao, wakasifu cheti changu mpaka nikaona haya, jambo lisilonitokea mara nyingi. Walipomaliza, mzee aliinuka, akanijia, akashika mkono wa shati langu kati ya kidole gumba na cha shahada, akaufikicha. Nilingoja auume. "Pamba ya pili," aliwaambia ndugu zake, akarudi kukaa. Halafu akaongeza, kana kwamba ametozwa, "Lakini kavu."

Tulioana. Serkle iliendelea kidogo, ikafifia Prezida alipohamishwa, na Mupimaji alipoacha kazi ya mizani alivuka na bibi yake kwenda kwa wakwe zake Ubwari. Sikumwona tena kwa muda. Sikutafuta kumwona.

Mwisho wa miaka ile, uhuru ukikaribia, wakati watu walipoanza kusema kwa sauti yale ambayo zamani yalisemwa kwa vigoda tu, nilipelekwa Ubwari kujenga kanisa dogo la kijiji. Nilivuka kwa mtumbwi na kumkuta mbele ya nyumba yake. Alikuwa amepungua, isipokuwa pua. Meno yalikuwa yamemtoka karibu yote, nikajisemea: ni zile karatasi. Mkononi alikuwa na karatasi ya chama fulani, moja ya zile zilizokuwa zikigawiwa kila mahali, zikiahidi kila kitu.

"Kibuyu," alisema, bila salamu. "Soma hii."

Nikaisoma. Nikasema ni nzuri, ina moto.

"Pamba ya pili," alisema. "Bananyweshea maji ili ikuwe nzito." Lakini aliikunja vizuri, akaiweka ndani ya kofia, mahali pakavu.

Nilimwuliza habari za mizani. Hakutaka. Alisema tu kwamba alisema "ndiyo, bwana" mpaka ulimi ukaota sugu, na kwamba Jumamosi zile ziliuchubua kidogo ukarudia kuwa ulimi. Nilipotaka kusema neno zuri, alinikata: matofali yangu ya kanisa yamepinda, ameyaona kutoka mbali. Yalikuwa yamenyooka kama sala. Tukabishana mpaka bibi yake akaleta bugali na majani ya sombe, na hata hapo alinung'unika kwamba nakula polepole kama ninavyosoma.

Wakati wa kuondoka, nikiwa tayari mguu mmoja ndani ya mtumbwi, nilimwuliza. Nilikuwa nimelibeba swali miaka yote.

"Muzee, ule ukurasa wa mwisho. Sema kweli. Uliukula?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeleta kikapu cha mawe.

"Uliza bibi yako," alisema, akageuka, akaenda zake nyumbani bila kunisukumia mtumbwi.

Nilipofika Baraka nilimkuta Apolina akichagua mchele uani. Nilimsimulia yote: meno yaliyotoka, karatasi ndani ya kofia, matusi juu ya matofali yangu. Nikamwambia mzee amekataa kukiri, na kwamba amenituma kwake, ajabu gani hiyo. Hakuinua kichwa.

"Hakukula kitu," alisema. "Mi ndiye nilimuomba aikate na wembe. Ile buku niliisoma yote kwake kabla yako, ile mwezi ya pamba. Mule ndani karani harudie. Nilitaka kuona kama we utamurudisha."